Nilimwambia Mama Nafanya Kazi Hotelini

Nilimwambia mama nimepata kazi hotelini, na sikumdanganya. Lile jengo la kona, kaskazini mwa Melbourne, Australia, lina herufi za plasta juu kabisa, ndefu kuliko mtoto wa miaka kumi, zinazosomeka HOTEL, na chini yake mwaka: 1873. Shida ni kwamba mama alikuwa Moshi, na aliposikia hoteli akaona wali maharage, chapati, chai ya maziwa na watu wakinawa mikono pembeni. Mimi nilikuwa nadeki baa.

Siri ilidumu miezi mitatu. Binamu yangu aliona picha niliyopigwa mbele ya mabomba ya bia, akamrushia shangazi, shangazi akamrushia mama. Simu ikaita saa kumi alfajiri ya huku.

"Mwanangu, hoteli gani hiyo yenye chupa ukuta mzima?"

"Mama, huku baa wanaziita hoteli."

"Kwa hiyo umekuwa baamedi."

"Nadeki tu, mama. Asubuhi, wateja hawajaja."

"Anayedeki leo, kesho anamimina."

Akakata simu. Na kweli, mwaka haujaisha nilikuwa namimina.

Neno lile, baamedi, lilinikaa kifuani muda mrefu. Kwetu si jina la kazi tu. Mtu akilitamka kuna kitu kingine anakisema juu yako, na kila mtu anakisikia. Kwa hiyo nilianza kuuliza maswali ambayo mwanafunzi wa uhasibu hakuwa na sababu ya kuyauliza. Kwa nini nyumba ya bia iitwe hoteli? Kwa nini kuta zake zimevishwa marumaru za kijani mpaka kifuani, ndani na nje, kama bucha? Na kwa nini ina milango miwili, mmoja mpana pale kwenye kona, mwingine mwembamba kwenye uchochoro wa pembeni, wenye kioo kilichochorwa maua? Majibu mengine niliyapata maktaba, mengine kwa wazee waliokaa kwenye kaunta kuanzia saa tano asubuhi, wakiwa na muda wote duniani wa kumwelekeza binti mwenye dekio.

Tuanze na jina. Katika makoloni ya Waingereza kule Australia, aliyetaka leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapo hapo alidaiwa na sheria awe pia na vyumba vya wasafiri na chakula, na mara nyingi zizi la farasi. Ukiitazama ile nchi unaelewa. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ilikuwa siku nzima juu ya farasi, pengine siku tatu, na serikali haikuwa na fedha za kujenga nyumba za wageni porini. Ikamtwika mzigo huo muuza pombe: unataka kuuza bia, weka vitanda. Magari ya farasi ya kampuni ya Cobb & Co, iliyoanza 1853, yalibadilishia farasi kwenye nyumba hizo hizo. Mtu akifa kifo cha utata, uchunguzi ulifanyika humo humo, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine kikubwa cha umma; maiti imelazwa nyuma, wazee wa baraza wamekaa meza ya kulia. Vyama vya wafanyakazi vilikutania humo, timu za mpira ziliundwa humo. Vitanda vingi vimeshaondolewa lakini jina limebaki ukutani, na ndiyo maana mgeni anayetafuta pa kulala Australia anaweza kuingia "hoteli" tano mfululizo asikute hata shuka.

Yetu ilikuwa na vyumba vinane ghorofani. Vitatu vilikuwa na wapangaji, wanaume watu wazima wanaoishi peke yao, na vilivyobaki vilijaa viti vilivyovunjika.

Pombe na madaraka viliingia nchi ile pamoja. Sydney, koloni la wafungwa lililoanzishwa 1788, halikuwa na sarafu za kutosha, kwa hiyo watu walilipana kwa ramu, na maofisa wa jeshi ndio walioishika biashara hiyo. Gavana William Bligh alipojaribu kuwabana, walimwondoa madarakani tarehe 26 Januari 1808. Gavana aliyefuata, Lachlan Macquarie, alitaka hospitali na hakuwa na hela. Akawapa wajenzi haki ya kuingiza ramu, nao wakamjengea. Sehemu ya hospitali ile ndiyo leo Bunge la New South Wales, jimbo la Sydney. Wabunge wanatunga sheria za baa ndani ya nyumba iliyolipiwa kwa pombe.

Lakini kisa kilichonishika zaidi ni cha Ballarat, mji wa dhahabu, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Melbourne. Mwaka 1854 kulikuwa na Hoteli ya Eureka, mwenyewe James Bentley. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba mchimbaji mmoja, James Scobie, aligonga mlango akitaka kunywa, na kabla hapajapambazuka alikuwa maiti karibu na hoteli hiyo. Kila mtu alimnyooshea Bentley kidole. Hakimu akamwachia. Wachimbaji waliokuwa wamechoshwa na ada ya leseni ya kuchimba na kukimbizwa na polisi kila siku waliona sasa inatosha. Tarehe 17 Oktoba wakaichoma hoteli mpaka ikabaki majivu, na Desemba 3 wakapambana na askari kwenye boma la miti walilolijenga. Zaidi ya watu ishirini waliuawa. Australia inakihesabu kisa hicho kama moja ya mizizi ya demokrasia yake, na mzizi huo ulianzia mlangoni pa baa.

Kumi na watatu kati ya waliokamatwa walishtakiwa kwa uhaini, kosa la kunyongwa. Wa kwanza kupandishwa kizimbani alikuwa John Joseph, Mmarekani mweusi. Baraza la mahakama lilipomkuta hana hatia, Februari 1855, watu walimnyanyua wakampitisha mabegani mitaa ya Melbourne. Niliposoma hayo nilitoka nje ya maktaba nikasimama kwenye ngazi. Nilikuwa na mwaka mzima ndani ya mji ule nikijihisi mgeni wa jana, kumbe mtu mwenye rangi yangu alibebwa juu juu kwenye barabara zile zile.

Sasa marumaru. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuzifuta, kwa maji ya moto na kitambaa, kuanzia mlango wa kona hadi vyooni. Ni za kijani kibichi, juu yake kuna mstari mwembamba wa rangi ya maziwa. Moja karibu na kaunta imepasuka pembeni kwa umbo la jani, nyingine mbili zilibadilishwa miaka ya nyuma na kijani chake hakikulingana. Nazijua kama ninavyojua meno yangu. Nilidhani ni urembo. Mzee mmoja, mteja wa bia mbili kwa siku, ndiye aliyeniambia niangalie mfereji ulio chini ya ukuta, pale sakafu inapoinama kidogo. Marumaru zilipendwa baa, alisema, kwa kuwa unaweza kupiga maji ukuta mzima kwa mpira na uchafu wote ukaondoka. Nikamuuliza uchafu gani. Akaniambia niketi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya kupinga ulevi vilivyokuwa vimepigana kwa miaka mingi vilipata nguvu mpya. Vijana wanakufa vitani, nyie mnakesha baa? Februari 1916 askari waliokuwa mafunzoni karibu na Sydney waligoma kambini, wakavamia baa, wakaingia mjini wamelewa, wakafanya fujo, na mmoja akauawa kwa risasi katika stesheni kuu ya treni. Miezi michache baadaye wapiga kura wa New South Wales wakachagua baa zifungwe saa kumi na mbili jioni. Jimbo la South Australia lilikwishaamua hivyo, Victoria, jimbo la Melbourne, na Tasmania nazo zikafunga mapema mwaka huo huo. Ilionekana hatua ya muda wa vita. Tasmania iliiacha 1937. New South Wales ikaendelea hadi 1955, Victoria hadi Februari 1966, South Australia hadi 1967. Michezo ya Olimpiki ya 1956 ilifanyika Melbourne wakati baa zinafungwa kabla jua halijazama. Wananchi walikuwa wamepigishwa kura mwaka huo huo na wengi wakakataa kuongeza saa.

Wengi wa waliosukuma sheria hiyo walikuwa wanawake wa makanisa, na siwezi kuwacheka. Mshahara ulilipwa Ijumaa kwa fedha taslimu, na mwanamume akipita baa kabla ya nyumbani, watoto walikula kilichobaki. Walitaka waume zao warudi kula chakula cha jioni na familia. Ni ombi dogo mno.

Kilichotokea ni kinyume. Wanaume walitoka kazini saa kumi na moja, na baa ilifungwa saa kumi na mbili, kwa hiyo walikuwa na saa moja. Wenye baa waling'oa meza za biliadi, viti, na kuta za ndani ili watu wengi zaidi waweze kusimama. Mzee wangu alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili hivi mama yake alipokuwa akimtuma amsubiri baba nje ya mlango, siku ya mshahara. Kwenye ule ukungu wa moshi wa sigara aliona wanaume wamebanana bega kwa bega, kofia kichwani, kila mmoja anagombania kaunta. Mhudumu alipita na mpira mrefu wenye bomba kama bastola, akijaza glasi moja baada ya nyingine pale pale zilipo. Zikibaki dakika kumi na tano, mtu ananunua glasi nne kwa mpigo, anazimeza kama dawa. Chooni hakuendeki. Waliotapika walitapika ukutani, waliojikojolea walijikojolea hapo hapo. Kengele inapigwa, milango inafunguliwa, na barabara inajaa watu mia kadhaa waliolewa kwa saa moja. Baba yake alitoka akiwa amemshika bega kama fimbo ya kutembelea, wakaenda nyumbani hivyo, mtoto akiwa ndiye mkongojo.

Alinisimulia bila kuinua sauti. Alipomaliza, akaigusa marumaru iliyo karibu naye kwa kiganja, akasema mpira wa maji ulipita hapa kila siku saa kumi na mbili na nusu. Kesho yake asubuhi niliishika ile kazi tofauti.

Ukitaka kuziona sura za jioni zile, nenda katikati ya Melbourne, mbele ya stesheni ya Flinders Street. Mkono mmoja kuna Federation Square, ambako Jumba la Sanaa la Victoria lina tawi la sanaa za Australia. Jumba hilo linamiliki mchoro wa John Brack wa 1954 uitwao The Bar, ulionunuliwa mwaka 2009 kwa zaidi ya dola milioni 3 za huko. Mbele yupo mhudumu wa kike, uso umekauka, midomo imebanwa, anakutazama moja kwa moja. Nyuma yake, kwenye kioo, umejaa umati wa wanaume wenye makoti, wote sura moja. Nimeutazama uso ule mpaka mlinzi akanisogelea. Mchoraji mwingine angemrembesha. Brack amemchora jinsi mtu anavyoonekana amebakiza dakika ishirini za zamu.

Vuka barabara, upande wa pili kuna Young and Jackson, baa iliyofunguliwa 1861 kwa jina jingine. Ghorofani ametundikwa Chloé, msichana aliyechorwa uchi na Mfaransa Jules Lefebvre mwaka 1875. Mchoro uliletwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya Melbourne ya 1880, ukanunuliwa na daktari, na alipouazimisha jumba la sanaa mwaka 1883 zogo likawa kubwa hadi ukaondolewa baada ya wiki chache. Mwenye baa aliununua 1908. Askari wa vita zote mbili walikunywa naye kabla ya kupanda meli. Kwa hiyo kuna wanawake wawili, barabara moja katikati. Mmoja uchi, ametundikwa baa atazamwe. Wa pili amevaa nguo zake, yuko kazini, na yeye ndiye anayetazama. Wageni wote humkimbilia Chloé. Mimi moyo wangu uko ng'ambo ya barabara.

Hapo ndipo ninarudi kwenye neno la mama. Nchi ile nayo ilikuwa na hofu yake juu ya baamedi. South Australia ilitunga sheria mwaka 1908 ya kuzuia wahudumu wapya wa kike kwenye baa. Waliokuwapo tayari waliandikishwa, na baada yao basi. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1967. Walisema wanamlinda mwanamke. Aliyelindwa alipoteza mshahara.

Na hapo hapo, nyumba hizi nyingi ziliendeshwa na wanawake. Leseni ya baa ilikuwa moja ya biashara chache ambazo mjane angeweza kuishika kwa jina lake. Kila Mwaustralia anamjua Ned Kelly, jambazi aliyejivika chuma na kupambana na polisi Glenrowan mwaka 1880. Muulize nyumba waliyopambania ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Ann Jones. Polisi waliimiminia risasi hoteli yake ikiwa na mateka ndani, mwanawe John akapigwa akafa, kisha wakaitia moto. Vazi la chuma la Kelly liko kwenye kabati la kioo maktaba, linatazamwa na watalii kila siku. Ann Jones alibaki na uwanja wa majivu na kaburi la mtoto.

Bibi yangu alipika mbege. Alimenya ndizi mbivu, akachemsha, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi, akatia msesewa ili iwe chungu, na wazee wa kijiji walikaa uani kwake na kata zao. Hela ilikuwa yake, na bibi mwenyewe alionja wa kwanza, mbele yao, maana nani atakunywa pombe ambayo mpishi hakuionja? Kwa hiyo nilipoelewa kazi ya ule mlango mwembamba wa pembeni nilishindwa kuuzoea. Mwanamke wa Australia aliweza kuwa na leseni ya nyumba, kumimina, kudeki, kumfukuza mlevi. Lakini kusimama upande wa wateja kwenye baa kubwa na glasi yake, hapana. Alipita pembeni, akakaa kwenye chumba kidogo cha akina mama, bia akaletewa kupitia kidirisha, na mara nyingi kwa bei ya juu. Kioo chetu cha maua bado kina herufi, zimefutika nusu, LADIES LOUNGE.

Jimbo la Queensland lilikuwa na sheria kabisa ya kuwazuia. Tarehe 31 Machi 1965, Merle Thornton na Rosalie Bogner waliingia baa ya Hoteli ya Regatta, Brisbane, wakaomba kinywaji, wakakataliwa. Walikuwa wamejiandaa. Walitoa mnyororo wa mbwa na kufuli, wakajifunga miguu kwenye lile bomba la chuma linalopita chini ya kaunta, pale wanaume wanapoegeshea mguu. Polisi wakaja. Baadhi ya wanaume waliokuwamo wakawanunulia bia, nao wakanywa. Sheria ilibadilishwa 1970.

Kulikuwa na watu ambao hata mlango wa pembeni hawakuwa nao. Kwa miongo mingi ilikuwa kosa kumuuzia Muaborijini pombe, katika nchi ambayo babu zake waliishi maelfu ya miaka kabla meli ya kwanza haijatia nanga. Ili aingie baa, alihitaji cheti cha serikali cha kumtoa katika sheria za watu wake, kana kwamba anaombewa msamaha wa kuzaliwa. Wenyewe walikiita kibati cha mbwa. Sehemu nyingine masharti yalimtaka aachane na ndugu zake. New South Wales iliondoa katazo la pombe mwaka 1963 tu.

Albert Namatjira alikuwa mchoraji mashuhuri kuliko wote wa watu wake. Picha zake za milima ya katikati ya Australia zilitundikwa sebuleni kwa wazungu nchi nzima. Mwaka 1957 akapewa haki za uraia, ikiwamo haki ya kununua pombe. Ndugu zake hawakupewa. Mwaka uliofuata akatiwa hatiani kwa kumpatia pombe mtu wa jamii yake, yaani kwa kufanya kile ambacho kila mtu aliyelelewa vizuri hufanya akiwa na kitu na ndugu yake hana. Kifungo cha miezi sita kilipunguzwa hadi mitatu, akatumikia miwili. Alifariki 1959. Kwetu nako mkoloni alimnyima Mwafrika vinywaji vya kizungu akamwachia kilabu cha pombe za kienyeji, na babu yangu alikuwa akilitaja jambo hilo mpaka uzeeni kwa sauti ya mtu aliyetemewa mate. Kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa.

Mnaonijua mtashangaa kwamba, baada ya hayo yote, nazipenda nyumba hizi. Nazipenda sana. Nimeona mle ndani mambo ambayo sikuyaona kwingine katika nchi ile ya watu wanaojifungia. Nimeona utaratibu wa kuzungusha, wenyewe wanauita shout: mko wanne, kila mmoja ananunulia wote kwa zamu yake, na hakuna anayeandika, lakini anayeondoka kabla ya zamu yake jina lake limekwisha. Niliona mzungusho huo ukimjumuisha mjenzi, wakili na yule mpangaji wa ghorofani asiye na kitu, ambaye zamu yake ilirukwa kila mara bila mtu kusema neno. Ijumaa kulikuwa na bahati nasibu ya nyama: tiketi ya dola mbili, unashinda sinia la soseji na mbavu za kondoo. Mimi nilishinda mara moja, nikapika pilau, nikarudi na sufuria nzima. Ukubwa wa glasi utakuchanganya, maana schooner ya Sydney ni mililita 425 na ukiagiza schooner Adelaide unapewa 285, ila hilo unalizoea kwa wiki mbili.

Kuna mji South Australia, Renmark, ambao ulianzishwa bila baa kabisa. Watu wakauziana pombe ya magendo. Mwaka 1897 wakaamua hoteli iwe mali ya jamii nzima, faida irudi mjini. Bado ipo, juu ya ukingo wa mto Murray. Huo ndio mfano ningetaka uigwe, kwa sababu nimeona yanayokuja pasipo na mfano huo. Kuanzia miaka ya 1990 baa nyingi ziliruhusiwa kuweka mashine za kamari, na ukiingia leo unakuta chumba cha giza nyuma, watu wamekaa kila mmoja na skrini yake, hakuna anayemzungushia mwenzake. Western Australia ilizikataa mashine hizo kwenye baa zake, na baa zake hazijafa. Bosi wetu, mama wa miaka sitini na kitu, alizikataa pia, na kila mwaka mhasibu wake alimwonyesha kwenye karatasi hela alizozikosa. Nimesomea kazi hiyo hiyo. Naziona hesabu, na bado nasema alikuwa sahihi.

Nyingine zinabomolewa. Oktoba 2016, mwisho wa juma mmoja, wenye jengo la Corkman pale Carlton, baa iliyosimama tangu miaka ya 1850, waliliangusha bila kibali. Nilikwenda Jumatatu. Rundo la matofali yaliyochomwa enzi za dhahabu, uzio wa waya, watu wazima wamesimama wanalia, mwanasheria mmoja mwenye tai akiwamo. Mahakama iliwatoza faini kubwa baadaye. Matofali hayarudi.

Mama alikuja mahafali yangu, mwezi wa saba, baridi kali. Nilimpitisha mlango wa pembeni kwa kuwa ndio ulio karibu na kituo cha tramu na alikuwa anatetemeka. Bosi alimwona khanga juu ya koti, akatoka nyuma ya kaunta, akamshika mikono yote miwili. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mama akaniambia nimuulize vitanda viko wapi.

Tukapanda ngazi sisi watatu. Bosi akafungua chumba namba nne, ambacho mpangaji wake alikuwa amehama wiki hiyo. Kitanda cha chuma, beseni dogo ukutani, dirisha linaloangalia reli. Mama akakaa kitandani, akabonyeza godoro kwa ngumi mara mbili, akavuta shuka akaangalia upindo, akaniuliza bei ya usiku mmoja. Nikamtajia.

"Kumbe kweli hoteli," akasema.

Tuliposhuka, bosi alichemsha maji jikoni kwake mwenyewe, maana baa haikuwa na chai ya kuuza. Akaileta kwenye kaunta pamoja na maziwa na sukari. Nilivuta stuli, mama akakataa, alikuwa ameketi kwenye ndege vya kutosha. Akainywa chai yake yote amesimama, mkoba begani, mguu mmoja juu ya lile bomba la chuma, akiziangalia marumaru.

"Hizi ndizo unazofuta?"

"Ndizo, mama."

Akapitisha kidole juu ya ile iliyopasuka kama jani, akakigeuza akakitazama, kisha akaniomba nimwongezee sukari.